Mheshimiwa Pyo na Vitufe Viwili

Wananchi wa Wilaya ya Gahyeon walitangaziwa kwa vipaza sauti vya vijiji vyote, asubuhi supu zikiwa bado jikoni, kwamba zama za giza zimekwisha. Mheshimiwa Pyo Gil-seon, Mkuu wa Wilaya, alikuwa amejifunza kunakili sura ya maandishi.

Aliyemfundisha ni Tak Yun-gap, ofisa wa nyaraka, mtu wa makamo aliyevaa kandambili ofisini na tai iliyonyooka kama rula. Jambo lenyewe ni dogo. Unaweka kishale kwenye maneno yaliyopambwa vizuri, unabonyeza Alt na C. Unachagua maneno mengine, unabonyeza tena Alt na C, nayo yanavaa sare ileile: unene, ukubwa, rangi, kila kitu. Karani yeyote wa wilaya hulijua hili kabla hajajua choo kiko wapi. Lakini Mheshimiwa alikuwa ameutumikia umma maisha yake yote bila kugusa kibodi, na alipoona mstari mkonde ukinenepa mbele ya macho yake, alisimama wima.

"Tak! Nimefanya mimi?"

"Ni wewe, Mheshimiwa."

"Kwa vidole hivi?"

"Hivyo hivyo, Mheshimiwa."

Kufikia jioni Tak alikuwa Mkurugenzi wa Idara ya Uoanishaji wa Sura za Nyaraka, na agizo lilikuwa limekwisha kutoka. Lilieleza kwamba wataalamu walikuwa wamepotoka kudhani maana ya neno imo ndani ya neno. Maana imo katika sura. Herufi nene ni amri. Herufi zilizolala ni ombi. Herufi zilizopigwa mstari katikati ni batili. Na kila karatasi itakayoingia ofisini ivae sura ya waraka wa mfano wa Mheshimiwa, la sivyo haijaandikwa.

Tak aliliamini agizo hilo kwa moyo mweupe. Hakuwa mnafiki; wanaoamini hivyo ni hatari zaidi ya wanafiki.

Basi alipokuja Bi Maeng Sun-deok, mwenyekiti wa kijiji cha Neureup, mkulima wa vitunguu saumu mwenye sauti ya kuamsha ng'ombe, Tak alimkaribisha kwa kahawa ya pakiti na masikitiko ya dhati.

"Mama, ombi lako nimelisoma. Daraja limebebwa na mafuriko, na mzee wako anazungushwa mlima mzima kwenda kusafishwa damu hospitali. Inasikitisha sana."

"Sasa?"

"Sasa umeliandika kwa herufi zilizosimama. Ombi hulala."

Bi Maeng alimtazama kama mtu anayetazama kitunguu kilichooza ndani. "Mwanangu, mume wangu naye analala. Analala kwenye kiti cha gari, anatapika kila kona. Hiyo sura haikutoshi?"

"Haiko kwenye mfano, mama."

Alirudi na herufi zilizolala. Zikaonekana zimelala mno. Akarudi tena, nafasi kati ya mistari ilikuwa ya kijeuri. Kila mara Tak alimsindikiza hadi mlangoni na kuinama kwa adabu. Mara ya mwisho alimwona mzee mwenyewe nje, ndani ya gari dogo la mizigo, paji la uso limeegemea kioo, mkono umeshika mfuko wa plastiki. Tak alirudi mezani, akanyoosha tai. Siku hiyo hakula chakula cha mchana, na hakujua kwa nini.

Majira ya kupanda yalipofika, Mheshimiwa aliitisha kikao cha wazi cha Baraza la Wilaya kupitisha bajeti. Aliahidi kuipamba bajeti hiyo yeye mwenyewe, mbele ya umma, kwa vidole vyake. Ukumbi ulijaa. Bi Maeng alikaa nyuma na wanakijiji wake, harufu ya vitunguu saumu ikiwatangulia. Kwenye ukuta, projekta ilionyesha waraka wote, chini ya kichwa cha habari chenye herufi nene:

"Mimi Pyo Gil-seon, Mkuu wa Wilaya, ninaidhinisha. Ujenzi wa Kasri la Sura za Nyaraka utaanza. Ukarabati wa daraja la Neureup umesitishwa."

Chini kabisa kulikuwa na mstari wa vitafunio vya wajumbe wa baraza. Huo Tak alikuwa ameupiga mstari katikati asubuhi ileile, kwa kubana matumizi.

Mheshimiwa alikunja mikono ya shati. Aliweka kishale mahali alipodhani ni kwenye kichwa cha habari. Miwani aliiacha mezani kwa ajili ya wapiga picha. Kishale kikatua kwenye vitafunio. Alt na C. Akachagua waraka mzima. Alt na C. Kisha akaupa ukuta mgongo, akainama kwa hadhira.

Ukumbi uliguna. Mheshimiwa akadhani wamevutiwa, akainama tena.

Ukutani, kila neno lilikuwa limekatwa katikati.

"Mheshimiwa," Bi Maeng aliita kutoka nyuma, "kilichokatwa si batili?"

"Batili kabisa, mama! Ndiyo sheria!"

"Basi pale palipoandikwa daraja limesitishwa pamekatwa. Kusitishwa kumekuwa batili. Daraja linajengwa?"

"Na kasri limekatwa!" mtu akadakia.

"Na wewe mwenyewe pia, bwana mkubwa. Umekatwa kama figili!"

Mheshimiwa akageuka. Akauona ukuta. Kisha akamsogelea Tak, akanong'ona, lakini maikrofoni ya shingoni haijui kunong'ona:

"Tak. Nikitaka kurudisha yalivyokuwa, nabonyeza nini?"

Ukumbi wote ulijua. Wajumbe, makarani, mwandishi wa gazeti, hata Bi Maeng, kila mmoja alijua vitufe viwili vya kutendua kosa, maana ndivyo vinavyochakaa kwanza kwenye kibodi yoyote. Hakuna aliyekohoa.

Tak aliangalia nyuma ya ukumbi. Mzee wa Bi Maeng alikuwa amekaa pembeni ya mlango, rangi ya nta, akingoja kupelekwa hospitali kwa njia ndefu. Tak hakuwahi kumdanganya mkubwa wake tangu aajiriwe.

"Hakuna kitu kama hicho, Mheshimiwa," alisema.

Mheshimiwa alikunjua mikono ya shati. Mtu wa hadhi yake hakosei. Akageukia kamera, akatabasamu.

"Wananchi! Hivyo ndivyo nilivyokusudia!"

Mwenyekiti wa baraza, ambaye alikuwa na njaa na alikuwa amekwisha kusoma habari za vitafunio vyake, aligonga nyundo kabla sentensi haijapoa, na bajeti ikapita jinsi ilivyoonekana ukutani.

Magazeti yalimsifu kuwa kiongozi wa kwanza kujifuta kazi kwa ajili ya daraja. Baraza lilimpa ngao ya shukrani. Angekataa vipi? Kabla ya mvua kubwa kurudi daraja lilisimama, na mzee wa Bi Maeng akawa anafika hospitali kabla redio haijamaliza taarifa ya habari.

Pyo, ambaye sasa ni mstaafu, alijiandikisha katika darasa la bure la kompyuta kwa wazee, kwenye jumba la kijiji cha Neureup. Siku ya kwanza mwalimu aliwafundisha la msingi kabisa: ukikosea usiogope, bonyeza Ctrl na Z.

Waliokuwa waking'oa vitunguu saumu ng'ambo ya mto wanasema ukelele wake waliusikia vizuri sana.