Saa Iliyotolewa kwa Mikono Miwili

Polycarpe hakuwa na kazi, lakini alikuwa na ofisi. Ofisi zake zilikuwa kumbi za kupokelea wageni katika hoteli kubwa za Avenue Louise, ambako kuna joto, magazeti ya bure, na viti laini vya kumfanya mtu ajione waziri. Siri ya kukaa pale bila kufukuzwa ni kuvaa suti iliyonyooka na kutazama mlangoni kwa hasira kidogo, kana kwamba unayemsubiri amechelewa. Kwa kumsubiri mtu asiyekuja, Brussels nzima haikuwa na bingwa kama yeye.

Asubuhi moja ya Novemba, mwaka 1995, akakuta katika mojawapo ya kumbi hizo bango dogo lenye maandishi ya dhahabu. Kampuni ya saa ya Brochard-Lenz, kutoka Uswisi, iliwaalika wageni walioko safarini, mume na mke, kwenye hafla ya Ijumaa jioni. Kila wawili wangechagua saa na kuivaa wakati wote wa hafla, ili ngozi yenyewe iamue, kisha wairudishe mlangoni wakati wa kutoka.

Polycarpe alisoma mpaka mwisho, akameza mate. Yaani watu wanakuvisha saa yenye bei ya nyumba, wanakuongezea na shampeni, halafu wanategemea haya zako! Bidhaa hiyo yeye aliiacha Bukavu siku ile alipopanda ndege.

Mpango ukajipanga wenyewe. Kijitabu cha matangazo kilikuwa na picha za saa, na pacha wa bandia wa mojawapo alikuwa akiuzwa sokoni Midi kila Jumapili. Angeingia na bandia mfukoni na kuwaachia hiyo hiyo wakati wa kutoka. Ile halisi angekwenda nayo Paris, akafungue duka la suti lenye jina lake juu ya mlango. Siku hiyo hiyo alikata tiketi ya treni ya Jumamosi, saa kumi jioni, akaificha ndani ya koti. Tiketi ya mtu mmoja.

Sasa alipungukiwa mke tu. Na mke, kwa namna fulani, alikuwepo. Mwadi alikuwa msusi katika saluni ndogo ya Saint-Josse, na kwa miaka saba alikuwa akingoja Polycarpe aende kwao kujitambulisha. Kila mara palikuwa na sababu: suti iko kwa dobi, mguu unauma, ndugu amefiwa. Shangazi za Mwadi walishaacha kumuuliza habari za ndoa, na hilo ndilo lililomuumiza kuliko maswali yao yote.

"Cheri, jioni moja tu bakuite Madame," Polycarpe akamwambia, akamweleza mpango wote isipokuwa Paris. "Banataka couple."

"Miaka yote hii niko naomba hiyo jina, unakatala. Leo bazungu banaiomba, unakubali?"

"Bon, tuseme ni répétition, mazoezi ya ndoa."

Mwadi hakucheka. Alisema atafikiri, na koti aliache, atalipiga pasi. Kesho yake alimrudishia koti limenyooka kama jipya, akiwa amekubali, tena ana wazo lake la kuongezea.

"Ku mulango banaangaliaka mifuko," alisema. "Lakini tonton Anaclet njo anatumika ku vestiaire ya ile hoteli, anachungaka makoti. Muzee wa kanisa, nani atamupekuwa? Ile saa ya kweli umupatie yeye. Akikuuliza ni ya nani, sema ni ya Mwadi. Kesho yake unakuya kuikamata nyumbani kwake."

Polycarpe nusura ambusu mbele ya wateja. Katika kufurahi kwake hakujiuliza kwa nini binti wa watu amemtoa ndugu ya baba yake kirahisi hivyo. Wajanja wana ugonjwa huo: wanadhani ujanja ni wao peke yao.

Ijumaa waliingia ukumbini wameshikana mikono. Mwadi alivaa kitenge cha kijani na kilemba kilichosimama, na watu wakampisha njia bila kujua kwa nini. Polycarpe alimtazama kwa pembe ya jicho, moyo ukamruka. Akauambia moyo utulie, wako kazini.

Mkuu wa mauzo, Monsieur Van Houtvelde, mwanaume mwekundu mwenye tabasamu la kukodi, aliwadaka karibu na shampeni.

"Monsieur anafanya biashara gani?"

"Kahawa," Polycarpe akajibu kwa Kifaransa chake cha Jumapili. "Hii unayokunywa asubuhi, mimi niliagana nayo ikiwa bado nyekundu mtini. Tuko njiani kwenda Geneva. Nilitaka kununua saa huko huko, lakini naona hapa ndipo kuna mtu anayejua saa."

Van Houtvelde alivimba kwa furaha. Kilemba cha ukoka kilimkaa vizuri sana kichwani.

"Na Madame anafanya nini?"

"Mimi ninamngoja," Mwadi akasema. "Miaka saba sasa."

"Ah, wake wa watu wakubwa!" Van Houtvelde akasema kwa huruma, akamfungia Polycarpe saa mkononi. Dhahabu ilikuwa ya baridi, nzito, na ilimfanya atake kuinua mkono kila mara hata pasipokuwa na sababu.

Alikwenda msalani, akabadilisha. Bandia mkononi, halisi ndani ya leso. Kisha akateremka kwenye chumba cha makoti. Tonton Anaclet alikuwa amesimama nyuma ya meza, mnyoofu, kama anayetaka kuanza kusali. Kando yake ameketi mkewe, maman Euphrasie, aliyemletea chakula.

Hapo ndipo malezi yalipomponza Polycarpe. Angeweza kumdanganya padre akiwa kwenye kitubio, lakini kumpa mzee kitu kwa mkono mmoja, hilo mama yake alilitoa mwilini mwake kwa fimbo. Akashika leso kwa mikono miwili. Na kwa kuwa maman Euphrasie alikuwa anamtazama, goti nalo likajikunja lenyewe.

Tonton hakupokea upesi.

"Ni ya nani?"

"Ya Mwadi, tonton."

"Unaitoa na roho moja?"

"Na roho yote, tonton! Chap chap, nakuomba."

"Maman Euphrasie, umesikia?"

"Nimesikia," akasema yule mama, akapiga kigelegele kidogo cha kunong'ona.

Polycarpe akaona wazee wa siku hizi wana mambo. Alipanda juu, akarudisha bandia mlangoni kwa heshima zote. Mifuko yake ilikaguliwa, ikakutwa safi.

Jumamosi baada ya saa nane alikuwa akipanda ngazi za nyumba ya tonton, Saint-Gilles. Kituo cha treni cha Midi kilikuwa karibu. Angechukua saa na kutokomea. Mlango ulipofunguliwa alikutana na harufu ya sombe na samaki, kreti za Fanta, na shangazi watano katika kitenge cha sare. Mwadi alikuwa katikati yao, ameinamisha macho. Tonton alikuwa amevaa tai.

"Tonton, nilikuya juu ya ile..."

"Ikala, bokilo."

Bokilo! Mkwe! Polycarpe aliketi ukingoni mwa kiti, uso ukielekea mlangoni.

"Baba ya Mwadi alishakufa, mimi njo napokea," tonton akaeleza taratibu. "Kwetu, mwanaume akitoa kintu na mikono mbili, akipiga goti, akitaja jina ya binti, mbele ya maman, dote, ile mahari, imefunguliwa. Hatukukuomba. Wewe mwenyewe ulipiga goti."

"Mais tonton, ile saa..."

"Ile ya wizi? Kintu ya wizi haiingiaka mu nyumba yangu. Jana ile ile nilimurudishia patron wa saa, nikamuambia: Monsieur, naona mulichanganya. Alisikia haya sana! Saa zake mwenyewe hazijue! Akaniomba nisiambie muntu, akanipatia hii yako." Akaiweka saa ya sokoni mezani. "Saa nilibarudishia. Mikono yako, hapana."

Mwadi akainuka, akamvisha saa ile taratibu, vidole vyake vikikawia pembeni mwa saa. Polycarpe akaitazama. Saa nane na nusu. Mambo bado! Atakula kidogo, atacheka kidogo, atasema anashuka kununua bia, na Paris itampokea mikono mitupu lakini huru.

Basi akala. Shangazi mmoja akahutubia, mwingine akaimba, watu wakataka mkwe naye aseme. Polycarpe akasimama, maana kusema ndiko alikokujua. Alisema miaka saba amekuwa akitafuta ujasiri wa kupanda ngazi zile, na kwamba hakuna mwanamke aliyempa heshima asiyostahili kama Mwadi. Sauti ikamtetemeka. Alijaribu kujua kama ni usanii wake wa kawaida, hakuweza. Mwadi alikuwa analia waziwazi, wala hakujifuta.

Akaitazama saa. Nane na nusu. Akaigonga kwa kidole. Nane na nusu. Akatazama dirishani, nje giza lilikuwa linaingia na taa za barabarani zimewaka.

Mwadi aliinama kando yake na sahani ya pili.

"Nilivuta kale ka-bouton ka pembeni ya saa, cheri," akamnong'oneza. "Kakivutwa, haitembeake. Na ile tiketi niliiona nikipiga koti pasi. Treni yako saa hii iko Mons, njia ya Paris."

Polycarpe alitazama mlangoni, kisha akamtazama Mwadi. Mwadi alikuwa bado anamnyooshea sahani. Akaipokea. Kwa mikono miwili.

Maman Euphrasie akapiga kigelegele, na safari hii hakunong'ona.