Kijiji Mlichomnyima Felicia

Bredäng, Stockholm

Ndugu Liam, Kiongozi wa Kikundi cha Ngoma za Kijiji cha Italia,

Natumaini hujambo, na magoti yamepoa baada ya mazoezi. Naandika Kiswahili kwa sababu karatasi yenu ya matangazo inasema kila mtu aitunze lugha ya wazazi wake. Atakusomea kwa Kiswidi dada Leokadia, anayesafisha ukumbi wenu.

Mimi ni mama yake Felicia, yule wa miaka saba. Wiki tatu amejifunza ile ngoma ya wanawake wanaotoka kisimani na mitungi ya shaba kichwani. Jumanne ukamtoa mstarini. Uliniambia kwa upole kabisa, "Anacheza vizuri, ila watu wanataka kuona kijiji chenyewe." Kwenye treni mtoto akaniuliza kwa Kiswidi, kijiji kinafananaje? Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo:

1. Mitungi yenu ni mitupu, tena mmeifunga lastiki kidevuni. Mtungi wenye lastiki ni kofia, ndugu yangu.

2. Karatasi inasema ufundi wa kusokota ngata, ile pete ya kitambaa ya kukalishia mzigo kichwani, umebaki kwa watu wachache sana duniani. Kwenye ngazi za jengo letu tu nimehesabu kumi na mmoja. Mama Dativa wa ghorofa ya tatu anabeba huku anagombana kwenye simu. Na mimi mwenyewe, mtoto wa Kagera, nabeba ndoo imejaa, mikono nimeiachia.

3. Wewe umezaliwa Vällingby, hapa hapa Stockholm. Mchunga mbuzi wenu aliona mbwa wa jirani akapanda juu ya benchi. Ng'ombe wenu analia kwenye simu, na siku ile alikatizwa na tangazo la shampuu. Sisemi kwa ubaya. Nahesabu tu wanakijiji, na sijampata hata mmoja.

4. Basi kama kijiji ni watu wanaojua kubeba maji, Waitaliano wenyewe tuko Bredäng. Naomba kwa adabu mtukabidhi kijiji. Nyinyi mtakaribishwa Jumamosi kujifunza, ila wenye nywele za manjano mkae mstari wa nyuma, watu wasije wakadhani ni Uswidi.

5. Felicia arudishwe mbele kwenye sherehe ya Jumapili. Hili halina mzaha. Ameshawaambia mwalimu wake na darasa zima, na sketi nyekundu analala nayo.

Nisalimie wachezaji wote, mpiga kodiani, na bibi yako anayekuja mazoezini.

Ni mimi ninayesubiri jibu zuri,
Flaviana, Mama Felicia

N.B. Leokadia ameisoma kwanza, akacheka mpaka akakaa chini, halafu akasema niwe mkweli. Haya. Nimekulia Bukoba mjini, bomba lilikuwa uani, sikuwahi kubeba hata kikombe kichwani. Ngata nimefundishwa na bibi yako, Mwitaliano mwenyewe, hapo hapo ukumbini, nikimsubiri Felicia. Lugha hatuelewani, ananipiga tu vidole nikikosea. Mwambie kwamba siku ya Jumanne nitawahi. Bado ndoo naishika kwa mkono mmoja.