Bundi wa Pasipoti

Jumatatu, 4 Agosti
Maktaba imetangaza mashindano ya picha za ndege. Mshindi atapewa kazi ya kupiga picha zote za maktaba mwaka mzima. Mke wangu ameliona tangazo kabla yangu. Akanikumbusha, kwa upole wa kutisha, kwamba mteja wa mwisho kuingia studioni ni mama yake. Nikishinda, chumba cha mbele kinabaki studio. Nikishindwa, Jumatatu ijayo anaingiza cherehani zake. Nimekubali.

Tabasamu, mwenye studio ng'ambo ya barabara, naye kalisoma tangazo. Kanipungia mkono. Mtu hakupungii mkono bure.

Jumanne, 5 Agosti
Habari njema! Mlinzi wa ghala la mbao anasema kwenye boriti za paa kuna bundi mweupe. Nimemsihi asimwambie mtu. Kasema amwambie nani, watu hawataki hata kumsikia bundi, wanaona mkosi. Safi. Waogope tu, nibaki peke yangu.

Tatizo ngazi. Yangu imeoza. Nilipokuwa naipiga misumari, Tabasamu akavuka barabara na kuniazima yake, mpya kabisa. Nimeipokea jino nje, roho ndani imekunja ndita. Nimekagua kila kipandio. Hakuna kilichokatwa hata kimoja. Hapo ndipo nilipozidi kumshuku.

Jumatano, 6 Agosti
Ngazi yake nimeiacha uani. Nimetumia yangu. Mimi si wa kuchezewa.

Nimepanda mpaka uso kwa uso na bundi. Angekunjua bawa angenizaba kofi. Amelala fofofo. Uso mpana, mweupe, umetulia kuliko wa wateja wangu wengi. Nikamnong'oneza ainue kidevu kidogo. Hakuinua. Nikapiga picha moja, kipandio kikavunjika. Nimeangukia rundo la maranda, kamera kifuani, salama. Mlinzi kaja mbio kuuliza kama nimeumia. Nikamwuliza nani kamtuma aulize.

Alhamisi, 7 Agosti
Kazi ya kuhariri. Bundi kafumba macho! Tangu nianze kazi hii sijatoa picha ya mtu aliyefumba macho. Ofisi ya pasipoti huzirudisha.

Lakini kwenye kompyuta zimo picha za mama mkwe. Flashi ilimshtua siku ile, macho yakamtoka pima. Nimeyakata, nimeyabandika. Yamekaa kama ya kuzaliwa nayo! Nikasafisha madoa yote ya manyoya. Nikanyoosha bega la kushoto. Nikafuta boriti na utando wa buibui, nyuma nikaweka nyeupe tupu, kama inavyotakiwa.

Mke kapita, kasimama, kauliza bundi yuko wapi. Nimezima kompyuta. Sijui Tabasamu kamwahidi nini.

Jumamosi, 9 Agosti
Siku ya hukumu. Tabasamu kaleta shomoro anayekunywa maji bombani. Shomoro! Nilicheka mpaka nikakohoa.

Yangu ilitundikwa katikati ya ukuta. Mwamuzi, mwalimu wa sanaa mstaafu, akavaa miwani, akavua, akaifuta, akavaa tena. Akauliza ndege mwenyewe yuko wapi. Nikamweleza kwamba bundi ni mweupe, na kanuni inataka nyuma iwe nyeupe. Akasema yeye anaona macho mawili na mdomo. Watu wakaanza kusogea.

Ndipo akafika mama mkwe. Kavaa vizuri, kaja kuniunga mkono. Akasimama mbele ya picha, akaisogelea.

"Haya macho nayaona kila asubuhi kwenye kioo," akasema. "Mkwe wangu, ndiyo kusema mimi ni bundi?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Shomoro kashinda. Na mama mkwe nani alimwalika? Nachunguza.

Jumatatu, 11 Agosti
Cherehani mbili zimeingia. Mimi nimesukumwa kwenye kona, kamera yangu imekaa na pasi. Imeniuma, sifichi.

Asubuhi ikaingia familia nzima, baba, mama na watoto, wanasafiri, wanataka picha za pasipoti. Wamesema Tabasamu ndiye kawaelekeza. Ati yeye sasa ana kazi za maktaba, na kwa picha za pasipoti hakuna makini kama mimi. Nikawatazama. Familia nzima, kwa mpigo, wote wanachekacheka! Nikashtukia mchezo. Nimewahoji wametokea wapi, wanamjuaje, wanasafiri kwenda kufanya nini, mpaka baba mtu akawashika watoto mikono wakaondoka.

Mke wangu akasimamisha cherehani.

"Mume wangu," akasema, "yule mtu anakusaidia."

Nikamwambia ndivyo adui mwenye akili anavyoanza. Kachukua utepe wake na sasa anapima kona yangu, urefu na upana. Kuna mtu kamtuma.