Kalamu ya Mwalimu Mkuu

Jumatatu, 10 Mei 1993

Mvua tangu alfajiri. Habari nzito shuleni! Serikali imetoa fedha za kuwanoa walimu wa hisabati na kusoma. Wiki mbili chuoni Mbeya, kulala na kula juu ya serikali. Kila shule mwalimu mmoja tu. Hapa darasa la kwanza tuko wawili, mimi na Mwalimu Atupele. Atakayekwenda semina atabaki na darasa. Mwingine anahamishiwa kijijini Masukulu.

Masukulu! Mimi Yunusu, mtoto wa mjini, nizaliwe Bagamoyo, kisha nitolewe hapa Tukuyu nikazeekee kwenye tope la migomba? Na Sauda je? Mke wangu ana meza ya mitumba sokoni, tangu biashara iwe ruksa. Wateja wanamfuata kwa jina. Nikihamishwa, meza imekufa. Nimemwambia asiwe na wasiwasi na serikali. Kasema na serikali hana wasiwasi, anao na mimi. Sikumwelewa.

Jumanne, 11 Mei

Mwalimu Mkuu, mzee Asajile, katuita walimu wote ofisini. Afisa elimu anakuja Ijumaa kuchagua. Kila anayetaka nafasi aje na kalamu. Karudia: kalamu nzuri, isiyotia shule aibu.

Hapo ndipo penye kazi ya akili! Mzee Asajile ni Mnyakyusa wa zamani. Herufi R haijawahi kupita mdomoni mwake. Barua kwake ni balua. Rungwe ni Lungwe. Juzi kwenye harusi kawatakia maharusi laha tele. Sasa mzee wa namna hii akisema kalamu, anataka nini? Karamu! Mwalimu gani anakumbushwa kalamu? Ni kama kumkumbusha kinyozi mkasi. Afisa anakuja kula, mzee kaona haya kusema waziwazi.

Wenzangu wote walitikisa vichwa tu kama wameelewa. Maskini. Nimerudi nyumbani najichekea njia nzima.

Jumatano, 12 Mei

Sauda kagoma kutoa jogoo wake. Nikamweleza habari ya R na L taratibu, kama ninavyowaeleza watoto. Kauliza: na kama mzee kasema alichokusudia kusema? Huyu mwanamke ana maswali! Nikamwuliza kati yetu nani kasomea ualimu. Mwishowe kanikabidhi jogoo. Kasema akifa bure, kuanzia siku hiyo niwe nawika mwenyewe.

Alhamisi, 13 Mei

Mambo yameharibika. Atupele kaniuliza kama kalamu ninayo. Kazaliwa Kinyala, Mnyakyusa kama mzee, kwa hiyo naye nikamsahihisha kimoyomoyo. Nikamjibu kwa maringo kwamba yangu inapikwa kesho asubuhi. Kanitazama sana. Halafu kasema kwa upole kwamba yeye anazo mbili, nikikwama ataniazima moja.

Karamu mbili! Anapata wapi uwezo huo? Labda ndugu zake wa kiwanda cha chai wamemchangia. Nimekopa kilo mbili za mchele kwa Yussuph mwenye duka, nikaongeza na ndizi. Sitashindwa kwa sahani!

Ijumaa, 14 Mei

Sielewi. Naandika huenda nikaelewa.

Nilifika wa mwisho, sufuria ya pilau mikononi, Sauda nyuma na ndizi. Nikakuta walimu wamekaa kwenye madawati ya darasa la nne, kimya, kila mmoja na kalamu mbele yake. Nikawahurumia. Wamekuja mikono mitupu! Kisha nikaona mbele ya Atupele kalamu mbili za wino, zimelala sambamba. Sufuria hana. Kichwa kikaanza kuuma.

Afisa, kijana mwenye tai, akagawa karatasi. Mtihani! Sehemu, vipeo, na namna ya kumfundisha mtoto silabi. Nikapapasa mifuko yote. Kijiko. Ningemwomba Atupele, lakini mtu aliyesema yake inapikwa ataombaje? Nikatoka hadi kwenye jiko la mpishi wa chai, nikachukua kipande cha mkaa, nikajibia hicho. Majibu nilikuwa nayo yote, Mungu shahidi. Ila mkaa ukisugua kiwiko, kiwiko kinasugua jibu.

Hata hivyo, afisa kala sahani mbili na kuomba ukoko. Mzee Asajile kanipa mkono, kasema ndaga fijo, asante sana. Nadhani nafasi ni yangu.

Jumatatu, 17 Mei

Si yangu. Anakwenda Atupele.

Mzee kaniita peke yangu. Kasema afisa ameisifu pilau, lakini kazi yangu haisomeki, na semina ya kusoma haiwezi kupokea mtu asiyesomeka. Kisha akaniuliza kwa huruma kwa nini sikuja na kalamu, wakati yeye alisema mara mbili. Akaigusa ile iliyo mfukoni mwa shati lake. Ya kuandikia! Kumbe yule mzee siku moja katika maisha yake kaamua kutamka neno sawasawa, na siku yenyewe ndiyo ile!

Sauda hakugomba. Ingekuwa nafuu angegomba. Kakunja magauni yake moja moja, kayafunga kwenye shuka, na meza kamwachia Rukia jirani. Nimeona machozi. Roho imeniuma sana, na jogoo hayupo.

Alhamisi, 27 Mei

Masukulu. Matope kama nilivyotabiri. Watu wazuri, hilo nakiri.

Habari kubwa! Serikali imeongeza nafasi za semina. Shule yetu imepata moja, na atakayekwenda akirudi atapangiwa Tukuyu mjini, awafundishe walimu wenzake. Sauda kasikia, kacheka kwa mara ya kwanza tangu tuhame. Tunaotaka ni wawili, mimi na Mwalimu Ezron. Mwalimu Mkuu wa hapa, mzee Ackson, naye Mnyakyusa wa zamani, kasema safari hii wazazi ndio wenye uamuzi. Jumamosi watakusanyika, na mwalimu atapatikana kwa kula.

Ijumaa, 28 Mei

Yunusu wa zamani angeanza ujanja. Angesema mzee hana R, kwa hiyo huenda anamaanisha hivi au vile. Hapana! Yule nimemzika Tukuyu. Mzee akisema neno, ni neno lilelile. Kasema kula, basi ni kula. Wazazi watapika, na mwalimu atakayeheshimu chakula chao ndiye atakayeheshimika. Kwa Wanyakyusa kuacha chakula cha mwenyeji ni tusi, hata mtoto anajua.

Kwa hiyo tangu jana jioni sijatia kitu mdomoni, nitengeneze nafasi. Sauda kadhani nimefunga sunna, kafurahi, nami nimemwacha na furaha yake. Nimemwambia aanze kufunga mizigo.

Ezron namsikitikia. Tangu asubuhi yuko mvuani, anapita nyumba hadi nyumba, anasalimia wazazi, anashika mikono, anawauliza habari za watoto wao. Kila nyumba wanampa kiporo na chai, naye anapokea! Kufika kesho atakuwa ameshiba kabisa. Wazazi wanne wamekuja hapa kwangu pia, wakitaka kunijua. Nimejifungia ndani. Mtu mwenye njaa hapotezi nguvu kwa maongezi.