Gari la Kumuaga Harieth

Jumanne, 8 Julai 2025

Mwamba wangu, wewe uliyeliokota hili daftari! Kama ni dada yangu Winnie, lifunge sasa hivi na uone aibu. Kama ni mtu mwingine, kaa. Kuna mambo.

Baba kakubali gari! Baba! Mzee Nyanda wa Nkololo, aliyesema mwaka juzi kwamba baiskeli inamtosha hadi kaburini. Pamba imekubali, zizi limepunguzwa, na leo baada ya ugali katangaza: gari la familia. Bibi Salu kauliza familia ipi. Baba kasema yote.

Hapo ndipo naingia mimi, Mihayo, miaka ishirini na mbili. Magari sijayasomea popote, nayajua yote. YouTube! Hata kuendesha najua. Nimejifunza juu ya stuli, usukani ni mfuniko wa sufuria, gia ni mwiko.

Nikawapa somo pale pale. Pikapu ya milango minne: ina kifua, ina mabega, ikisimama unadhani imekuja kugombana. Wagoni, yaani Probox: ndefu nyuma, fupi kimo, mafuta inalamba tu, ila sura ya mtu anayewahi kazini. Halafu SUV, yaani Harrier. Hapo nikasimama kabisa. Taa zake kama macho ya mtu anayejua anatazamwa! Mgongo unashuka taratibu! Mama kauliza katika hizo tatu ni ipi mtu anaingia bila kupanda. Nikamwambia mama, hapa tunaongelea muonekano.

Sasa siri. Harieth anaondoka. Baba yake, Bwana Onesphory, afisa kilimo kutoka Karagwe, kahamishiwa Songea. Sherehe ya kuwaaga ni Jumamosi ya tarehe 19, kwao Bariadi. Harieth ndiye mtu pekee duniani aliyewahi kuniuliza SUV na pikapu zinatofautianaje, akasikiliza jibu hadi mwisho. Dakika arobaini! Nje ya duka la mbolea, juani. Hakuaga hata mara moja.

Leo kaniandikia: nasikia kwenu mnanunua gari, lipi? Vidole vikajibu vyenyewe. "Tumeshanunua. Harrier. Nyeupe."

Kajibu: basi njoo nayo Jumamosi ile, unizungushe mjini mara moja kabla sijaondoka.

Siku kumi na moja. Harrier hakuna. Mungu wangu.

Alhamisi, 10 Julai

Hemed, dalali wa magari wa Bariadi, kakubali kutuletea gari moja moja la kujaribu, yeye akiendesha, mafuta juu yetu. Baba kasema maksai wake wote aliwapima kwa kazi, na gari atalipima kwa kazi.

Leo pikapu. Kaizunguka mara tatu. Kaipapasa ubavuni. Kachuchumaa akatazama matairi kama anatazama kwato. Kamuuliza Hemed inauzwa kwa sababu gani, imemshinda nini mwenyewe. Hemed kasema mwenyewe anahama. Baba kasema hata wenye ng'ombe wagonjwa huwa wanahama.

Mpango wangu ulikuwa mzuri sana. Nikaalika ndugu kimya kimya ili viti visitoshe, baba aone pikapu haifai. Wakaja tisa. Baba kasema vizuri, akawapanga wote, na ndama wa mjomba akapanda nyuma kupelekwa kwa daktari wa mifugo. Nafasi ikabaki! Watoto wakaimba njia nzima. Mimi nikawekwa nyuma kumshika ndama. Raba zangu nyeupe! Ndama hajali.

Tukapishana na Sylvester. Huyu ana Probox ya mchomoko, inayojaza abiria kati ya Nkololo na Bariadi, na meno yote nje. Kapunguza mwendo, kanitazama, kamtazama ndama, kauliza kwa sauti anayeuzwa ni yupi kati yetu.

Mama ndiye kaniokoa. Kupanda ile pikapu magoti yamegoma, ikabidi wajomba wawili wamnyanyue, mmoja kwapani, mmoja miguuni. Tulivyorudi wakamshusha vile vile. Kasema wakimshusha tena hivyo kama robota la pamba, wampe na risiti.

Baba kacheka hadi kukohoa. Pikapu imekufa. Imebaki moja ya kuua.

Jumapili, 13 Julai

Siku ya Probox. Sikuwa na wasiwasi. Nikavaa tai, nikakaa dirishani, nikasubiri baba mwenyewe aone aibu.

Nilisahau kitu kimoja. Huku kwetu Probox ni mchomoko. Hakuna Probox ya mtu. Mama mmoja na mtoto mgongoni kanyoosha mkono njiani, Hemed akataka kupita, baba akamwambia asimame, huyo ni mke wa Mayige. Akaingia. Mbele kidogo wakapanda wengine wawili. Salamu za mwangaluka huku, mwangaluka kule, watoto hawajambo, mvua za kwenu zilikuwaje, yule dume mwekundu yupo? Kila kituo habari! Tumefika kanisani watu kumi na moja, kuku watatu, na furushi la michembe ya viazi tuliyopewa asante. Bibi Salu kakutana humo ndani na mtu aliyesoma naye katekesimu. Walidhani kila mmoja mwenzake alishakufa.

Mke wa Mayige kashuka, kanipa nauli mkononi, kaniambia nifunge mlango vizuri. Halafu kamuuliza mama siku hizi makonda wanavaa tai?

Mama kaingia na kutoka bila kushikwa. Katulia kitini kama yuko barazani kwake. Kasema hili gari limemkaa.

Hatari! Jioni nikamfuata baba zizini. Nikamwambia baba, heshima yako iko wapi, utakufa na jina la dereva. Ukisimama kila mtu ataingia bila hodi. Bwana Onesphory amekufundisha dawa na nafasi za pamba miaka minne, utakwenda kumuaga na mchomoko?

Kasema kwa Bwana Onesphory ni kweli inabidi tuheshimike. Harrier ije Jumamosi, tuijaribu kwa safari hiyo, ndipo aamue.

Nimeshinda! Nilikimbia hadi kisimani na kurudi. Sikuwa na ndoo.

Jumatano, 16 Julai

Maandalizi. Nimepanga stuli sita uani, nikafundisha familia kukaa kwenye Harrier. Magoti pamoja. Hakuna michembe. Hakuna ugoro, Bibi. Na vumbi! Nimesema mara nne: ndani kuna zulia la rangi ya maziwa, hili si gari la kuingia na vumbi, vumbi lote libaki Nkololo. Bibi kauliza ni gari au altare. Winnie kauliza kupumua je, kunaruhusiwa?

Harieth kaandika neno moja tu. "Usikose."

Nimelisoma mara thelathini na moja. Nimejaribu kulisoma kwa sauti yake. Ana namna ya kumalizia maneno ya kule kwao Karagwe, kama anakuachia mlango wazi. Nilikaa nyuma ya zizi hadi ng'ombe wakarudi. Songea ni mbali kiasi gani, Mwamba? Nimeangalia kwenye ramani ya simu. Ukitaka kuona Bariadi na Songea pamoja, Nkololo inapotea kabisa.

Jumamosi, 19 Julai

Andika polepole, Mihayo. Andika yote.

Harrier imekuja saa nne. Nyeupe! Imesimama karibu na zizi, ng'ombe wakaacha kutafuna. Nikarukia kiti cha mbele kabla hawajagawa nafasi, nikashusha kile kioo cha juu, nikatengeneza nywele. Nikasikia milango ikifungwa nyuma, paf, paf. Nikauliza bila kugeuka, vumbi? Mama kasema hakuna vumbi. Twende!

Vioo juu. Ubaridi. Ikawa kimya. Kwenye pikapu waliimba, kwenye Probox walipiga soga, humu hata Winnie hakukohoa. Baba alishika magoti yake kama yuko kwa mganga wa meno. Njiani mama kamwona mdogo wake anatembea na mzigo kichwani, kampungia, kampungia tena. Vioo vyeusi. Mama mdogo hakuona kitu. Kaingia kwenye nyasi kuipisha Harrier, kainamisha kichwa mpaka tukapita. Mama kaushusha mkono taratibu. Baba kamwambia Hemed asimame, mimi nikasema tumechelewa.

Nilisema mimi. Imeandikwa.

Bariadi. Turubai, viti vya plastiki, watu wa ofisini na suti zao. Wote wakageuka! Nikashuka kwanza, raba zimeoshwa, nikafungua mlango wa nyuma kwa mkono mmoja kama nilivyofanya mazoezi.

Mguu wa mama ukatoka. Peku.

Wa Bibi. Peku. Winnie, peku. Baba! Suti ya harusi yake, tai, na vidole kumi vya Nkololo juu ya lami! Nikauliza viatu viko wapi. Mama kasema viko nyumbani, wamevipanga vizuri pembeni ya zizi, si nilisema vumbi libaki Nkololo? Kwenye nyumba yenye zulia mtu anavua mlangoni, kalelewa hivyo. Ila huu ni mlango wa gari, ukaondoka na wao.

Sylvester alikuwepo, kaleta abiria. Kauliza kama viatu vimeshikiliwa kwa deni la mahari.

Nilitaka kuingia chini ya Harrier na nafasi ilikuwepo, ile gari iko juu vizuri. Ndipo Harieth akaja. Gauni la kitenge cha njano. Kaitazama miguu, mmoja mmoja. Hakucheka. Kapiga magoti, kamshika mama mikono yote miwili, kamwamkia kwa Kisukuma, mwadila mayu, kama mtoto wa Nkololo kabisa. Halafu kavua viatu vyake virefu akaviweka chini ya meza ya keki. Kasema vilikuwa vinambana tangu asubuhi. Bwana Onesphory kamwona baba, kacheka, kavua na yeye. Hadi wanakata keki, nusu ya ofisi ya kilimo iko peku.

Jioni Harieth akanifuata pale kwenye Harrier. Kauliza, kwa hiyo hili mmeanza nalo leo? Nikakohoa. Kasema Jumapili iliyopita Sylvester alimwambia yote, hadi tai. Kasema angezunguka hata na mkokoteni, mradi ningekuja mapema, kwa sababu sasa saa zimekwisha na mizigo haijafungwa.

Mwamba, hapo ndipo palikuwa pa kusema. Moyo ulikuwa mdomoni, nauona! Nikafungua mdomo. Nikamweleza buti la Harrier linavyofanana na buti la wagoni ukilaza viti.

Kanisikiliza. Kaegemea mlango, peku, kanisikiliza dakika kumi na moja. Baba yake akamwita. Kaondoka, karudi mbio, kampa mama makubadhi yake ya nyumbani ili asirudi Nkololo na mguu mtupu. Hatukuzunguka. Hemed alitaka kuturudisha kabla ya giza.

Jumapili, 20 Julai

Wameondoka na basi la alfajiri. Aliyewapeleka stendi ni Sylvester. Na Probox yake. Kapita nyumbani makusudi kunieleza kwamba Harieth alikaa mbele.

Baba kaamua. Atanunua Probox. Kasema gari lisilomwona shemeji yake njiani halimfai. Nikamweleza habari ya heshima, kasema heshima yake jana ilikuwa peku na ilikula keki vizuri tu.

Viatu vimekutwa vimepangwa pembeni ya zizi kama nilivyowafundisha, magoti pamoja. Cha Bibi kimoja ndama kakitafuna.

Ijumaa, 25 Julai

Probox ipo uani, ya kijivu. Bibi anakaa mbele na ugoro wake. Baba ameanza kufundishwa na Sylvester, kwa kuwa mimi siku ya kwanza niliingia kwenye pamba. Mfuniko wa sufuria hauna klachi. Kazi yangu sasa ni mlango. Mama anakwenda kila mahali, hadi Kalemela kwa wifi yake kula samaki. Amevaa makubadhi ya njano ya Harieth. Kila nikiyaona yanapita uani naangalia pembeni.

Leo saa tisa ujumbe ukaingia. Harieth! Kafika. Songea kuna baridi, hana wa kuongea naye magari. Hana wa kuongea naye magari! Kauliza, mwishoni mlinunua lipi?

Nilikuwa nimeegemea Probox yenyewe. Ilikuwa na joto la jua. Baba alikuwa anapiga honi, kwa Mayige wanatusubiri. Jibu lilikuwa mgongoni mwangu, fupi, neno moja. Na huyu ni mtu aliyesema angepanda hata mkokoteni. Nilijua hilo. Nilijua kabisa.

Vidole vikajibu. "Land Cruiser. Jipya."

Kauliza: "Safari hii ni kweli?"

"Haki ya Mungu."

"Basi Desemba nakuja kumsalimia mama. Nipokee nalo stendi, na usichelewe."

Anakuja! Desemba anakuja! Nimebusu boneti ya Probox, baba kaona, kauliza kama nimepigwa jua.

Sasa nimekaa nyuma ya zizi, nahesabu. Miezi mitano. Nasikia kule Mwanhuzi kuna mtu ana Land Cruiser la zamani anatafuta wa kumlishia ng'ombe kiangazi hiki, nikimlishia huenda akaniazima siku moja, na Hemed ana rangi ya kupulizia iliyobaki. Nyeupe. Halafu nitawaambia mapema kabisa wasivue viatu.

Mwamba, niambie ukweli, ungekuwa wewe ungefanyaje?