Kopo Kubwa la Kusafishia Volyumu

Jamani wenzangu, leo nimevuliwa nguo mbele ya kijiji kizima, na suruali nilikuwa nimevaa.

Barua hii isomeni wote wawili, kisha mchane. Naiandika Mikumi, kwenye benchi la mkahawa, nikisubiri lori lolote la kwenda Kilosa. Amplifaya nimeipakata. Inanuka.

Habari za kazi mnazo. Ofisi ya maendeleo inatafuta fundi wa kudumu wa vipaza sauti, wa kuzunguka navyo vijijini. Tulioomba ni wawili. Mwenzangu ni mtu mzima, mpole, hajisifu. Mimi ndiye niliyejisifu. Basi Ndugu Mkude, bwana maendeleo, akaniambia nitajaribiwa leo, kwenye mkutano wa kijiji cha ujamaa upande wa Ruhembe. Yanasomwa majina ya waliogawiwa vishamba vya miwa. Kila mtu lazima asikie jina lake.

Asubuhi kule Kilosa nikaiwasha amplifaya ya ofisi. Kugusa volyumu tu, krrr! krrr! Utadhani paka ndani ya gunia la mahindi makavu. Ugonjwa nikaujua hapo hapo. (Kwa hilo nipeni haki yangu.) Ndani ya volyumu mna njia nyeusi, nyembamba kama masizi, na kidole cha chuma kinachotembea juu yake. Vumbi likiingia, kidole kinakwaruza. Unapuliza dawa inayoosha vumbi na kukauka, isiyoacha mafuta wala kuila ile njia. Tulifundishwa sote. Tulifanyia na mtihani. Nilifaulu.

Nikaenda na Ndugu Mkude kwa Bi Zuhura, yule mama anayeuza vipuri karibu na stesheni.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba. Haya, redio ya nani imekufa leo?"

Nikamweleza. Akatoa makopo mawili ya kupuliza, yote mabaki ya stoo ya shamba la mkonge. Moja dogo, limechubuka, karatasi yake imefutika nusu. La pili kubwa, jekundu, linang'aa, limejaa Kijerumani kuanzia juu hadi chini. Katikati limechorwa duara, na mshale unaolizunguka.

"Chukua dogo," akasema. "Fundi wa simu wa shambani alikuwa akitumia hili hili kwa redio zake."

"Na kubwa je?"

"Kubwa silijui. Hayo maandishi nani atayasoma?"

Ndugu Mkude alikuwa amesimama nyuma yangu. Nisingekuwa na mtu nyuma yangu, leo ningekuwa na kazi.

"Mimi nayasoma," nikasema. Nikalishika kopo kubwa, nikakunja uso kama hakimu. "Limeandikwa, kwa volyumu za kila aina. Hata picha si mnaiona? Volyumu hiyo, na mshale wa kuizungusha."

"Kumbe unajua Kijerumani?" Ndugu Mkude akauliza.

"Kidogo kidogo, Ndugu." (Kidogo kidogo! Sijui hata salamu.)

Bi Zuhura akanitazama. "Mwanangu, dogo ni dogo, lakini nalijua."

"Lakini amplifaya yenyewe ni kubwa, Bi Zuhura."

Naapa nilisema hivyo. Kwa sauti.

Tukaondoka na Land Rover. Mikumi tukasimama kunywa chai, mkahawa huu huu. Nikafungua kifuniko, nikapuliza. Ikatoka harufu ya kukata pua. Mhudumu akahamisha sahani yake ya maandazi. Punde zile namba nyeupe zilizopakwa kuzunguka kitufe, sifuri hadi kumi, zikaanza kutiririka. Saba ikamshukia sita. Nane ikawafuata.

"Hiyo vipi?" Ndugu Mkude akauliza.

"Uchafu huo, Ndugu. Unatoka."

Nikazungusha volyumu. Laini kama siagi! Hakuna krrr. "Unasikia? Kimya kabisa," nikamwambia. (Nilikuwa sijaiwasha.)

Tulipofika kijijini watu walikuwa wameshakaa, wengine na majembe yao, wametoka moja kwa moja shambani. Spika mbili za tarumbeta nikazifunga juu ya nguzo mbele ya ofisi ya kijiji. Amplifaya na betri nikaviweka nyuma ya Land Rover, mbali kidogo. Mwenyekiti wa kijiji akashika maikrofoni.

"Ndugu wanan—"

Lahaula! Ilitoka radi. Mbuzi wawili walikata kamba. Bibi mmoja mstari wa mbele akapiga ishara ya msalaba. Halafu ukafuata mlio, wiiii, wa kutoboa kichwa. Nikarudisha volyumu hadi mwisho. Wiiii ile ile. Nikamkimbilia mwenyekiti, nikampokonya maikrofoni (ndiyo, nilimpokonya), nikarudi nayo nyuma ya gari. Mlio ukakoma. Volyumu ilikuwa kwenye sifuri, kwa kukisia, maana namba hazikuwapo tena. Nikajua nimezima. Nikakaa chini kufuta jasho.

Akaja mzee mmoja mwenye kofia ya ukindu. Mkononi ameshika kopo langu jekundu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hili ni lako?"

"Langu."

"Mimi naitwa Ndala. Nilikuwa karani wa stoo shamba la mkonge, meneja wetu Mjerumani. Makopo haya nikiyapokea mimi mwenyewe. Hii ni dawa ya kubandua rangi kuukuu kwenye magari." Akaweka kidole chini ya mstari, akasoma kile Kijerumani taratibu, kisha akanifasiria. "Usipulizie plastiki. Usipulizie kitu chochote cha umeme."

"Na hilo duara?"

"Gurudumu."

Nikasogea karibu naye, nikashusha sauti. Maikrofoni ilikuwa mapajani.

"Mzee wangu, nakuomba unisitiri. Nimemwambia Ndugu Mkude nasoma Kijerumani."

"Unasoma?"

"Hata neno moja. Na yeye hajui, ndiyo maana ameniamini."

*Ameniamini,* ikarudia sauti kutoka mbali. Upande huu kuna milima. Nikajua ni mwangwi.

"Sasa mwenyekiti nitamwambia nini?" nikaendelea. "Mwenyewe ana sauti kama mbu. Bila spika hasikiki hata na mkewe."

*Mkewe,* ikasema milima. Kisha milima ikacheka.

Mzee Ndala akainamisha kichwa, anasikiliza. "Mwanangu," akasema, "milima ya huku haina tabia hiyo."

Nikachungulia. Jamani! Akina mama walikuwa wamelaliana mabegani. Mwanamume mmoja ameegemea jembe lake, analia. Ndugu Mkude alikuwa akitazama viatu vyake kama kwamba ndiyo kwanza amevishwa. Niling'oa waya wa betri kwa mkono, na cheche zikaniunguza. Hata sikuzisikia.

Mwenyekiti akaja hadi nyuma ya gari. Polepole.

"Ndugu fundi," akasema, kwa ile ile sauti yake, "mbu anaomba mkutano wake."

Wakamwita Mama Tabu, ambaye kazi yake msimu wa mahindi ni kufukuza ngedere kwa mdomo. Akasimama juu ya kiti. Kila jina akalitaja mara moja tu, likafika hadi kwenye miwa. Hakuna aliyeuliza, "Amesema nani?" Yule bibi wa msalaba naye akapata kishamba chake, akapiga vigelegele. Mkutano uliisha mapema kuliko ilivyotarajiwa.

Nikamwendea mwenyekiti, nikainama. "Baba, nisamehe. Nimekukosea."

"Nimekusamehe. Lakini mke wangu anataka kukuona."

Nikaenda. Mama wa watu alinipa muwa mrefu, akafungua mdomo aseme, kicheko kikamzidi, akaingia ndani. Hadi naondoka hakutoka.

Tulipofika Mikumi Ndugu Mkude akasimamisha gari.

"Shuka hapa. Mimi naendelea Malolo."

"Na ile nafasi, Ndugu?"

Akafikiri. "Yule mwenzako anajua Kijerumani?"

"Hapana, Ndugu."

"Basi huyo huyo."

Hapa nimeifungua volyumu na kuitazama. Ile njia nyeusi imeyeyuka, upande wa sifuri ndio umekwisha kabisa. Ikikatika upande huo, zungusha utakavyo, sauti haina pa kupungulia. Yote inakwenda kwenye spika. Hilo nalo lilikuwa kwenye mtihani.

Nawaombeni sana msicheke. Watu wa Ruhembe wameshacheka kwa niaba yenu, na hawakubakiza.