Kamati ya Maji ya Josephat

Miaka ile ya soko huria, Mwanza iliponuka minofu na dola, Josephat aligundua kwamba wawekezaji wana ugonjwa mmoja: wakishashiba, lazima waonekane wanasaidia jamii. Akamnasa Bwana Pita, meneja Mzungu wa kiwanda cha sangara, akilalamika hotelini kuwa wakubwa wake Ulaya wanadai picha za wananchi wenye shukrani.

"Wananchi ninao," alisema Josephat, kana kwamba anauza vitunguu. "Wako Kirumba, wana kisima kirefu na kamba iliyokatika. Wape pampu."

Kisima kilikuwepo kweli. Josephat mwenyewe alishangaa kusema ukweli, akajisamehe upesi.

Mpango wake: pampu ikabidhiwe, ipigwe picha, kisha jioni ihamie Nyegezi kwa Shaibu, mkulima wa nyanya. Shaibu alikwisha kutoa malipo ya awali, na Josephat alikwisha kuyageuza suti.

"Isipofika kesho," Shaibu alionya, "nitachukua changu popote kilipo."

Josephat akaenda kisimani, akawakuta wanawake wawili wakiunga kamba. "Shikamoo, Mama Getruda."

"Marahaba. Leo unauza nini?"

"Nagawa vyeo! Wewe mwenyekiti wa Kamati ya Maji, mwenzako Paskazia katibu. Pigeni vigelegele, mnywe soda, mrudi nyumbani."

Hapa, ndugu msomaji, tuinamishe vichwa. Mpe Mtanzania noti bandia, atacheka. Usimpe kamati. Jioni ileile walikaa kikao, wakafungua kwa sala, wakabishania akidi, wakafika hadi mengineyo.

Kesho yake, Bwana Pita alipomaliza tu kukabidhi, Mama Getruda alisimama. "Kikao kimeazimia pampu ifungwe sasa hivi, mgeni akishuhudia."

Mafundi wakatokea na zege limeshakorogwa.

"Mama," Josephat alinong'ona, jasho likimtiririka, "kamati ilikuwa ya maigizo!"

"Maigizo? Tumeshamfukuza mweka hazina wa kwanza!"

Pampu ikanguruma, maji yakaruka, Bwana Pita akapiga picha huku akilia. Nyuma ya umati Shaibu aliitazama pampu ndani ya zege, kisha akaitazama suti.

"Vua."

Josephat alivua nyuma ya kibanda cha mkaa. Alikuwa amejifunga kitenge cha Paskazia aliposikia Bwana Pita akiuliza mshauri wake yuko wapi, maana anataka kutoa pampu nyingine.

"Niko hapa!" alipaza sauti, akatoka mbio.

Mama Getruda akamzuia kwa kiganja. "Taratibu, baba. Mwenye hoja aanzie kwa katibu. Tunakaa Jumamosi."